Kampuni Iliyomrekodi Siti binti Saad: Kisa cha Kuanguka kwa EMI

Waliowahi kufungua masanduku ya wazee Unguja, Lamu au Mombasa wakakuta santuri za zamani wanaijua picha ya mbwa. Kakaa mbele ya bomba la gramafoni, kainamisha kichwa upande, kama anayesikia sauti ya mtu anayemjua ikitoka mle ndani. Hiyo ni nembo ya His Master's Voice, lebo ya Gramophone Company ya London. Mwaka 1928 kampuni hiyo ilimchukua Siti binti Saad na wenzake kutoka Zanzibar hadi Bombay wakarekodi, na taarabu ya Kiswahili ikarudi nyumbani ikiwa kwenye sahani nyeusi.

Miaka mitatu baadaye Gramophone Company iliungana na mshindani wake, Columbia, zikazaa EMI. Mwaka huohuo, 1931, ikafungua studio zake Abbey Road. Tangu hapo ni kama kusoma orodha ya wageni wa heshima: Beatles mwaka 1962, Pink Floyd mwaka 1967, kisha Queen, kisha mwaka 1992 ikanunua lebo ya Virgin yote kutoka kwa Richard Branson. Kulikuwa na wakati Mwingereza akisema "kampuni ya rekodi", EMI ndiyo iliyomjia kwanza kichwani.

Jina bado utaliona, limebandikwa kwenye lebo iliyo chini ya kampuni nyingine. EMI yenyewe ilikwisha mwaka 2012, ikakatwa vipande, kila mwenye fedha akaondoka na mnofu wake.

Ukiuliza kilichoiua, jibu la haraka ni intaneti: watu walianza kupakua nyimbo bure, basi. Silikatai, ila halinitoshi. Mvua ile ile iliwanyeshea Universal, Sony na Warner, na wote watatu wapo, tena wamenawiri. Kwa nini paa lililobomoka ni la EMI?

Tuanze na biashara yenyewe ilivyokuwa. Kwa zaidi ya miaka thelathini lebo ziliuza albamu kama mama wa gengeni anavyouza nyanya: fungu halivunjwi. Unataka mbili? Chukua fungu lote. Msikilizaji aliyependa wimbo mmoja redioni alikwenda dukani akalipia nyimbo kumi na mbili, tisa kati yake hatazisikiliza mara ya pili. CD ilipoingia miaka ya 1980 mambo yakawa matamu zaidi, maana watu walizinunua upya hata albamu walizokuwa nazo kwenye santuri na kaseti. Mwaka 1999 mauzo ya muziki Marekani yalifika dola bilioni 14.6, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana kabla.

Mwaka huohuo, mwezi Juni, kijana wa chuo anayeitwa Shawn Fanning akaitoa Napster, programu ya watu kupeana nyimbo bure mtandaoni. Mahakama iliifunga mwaka 2001, lakini fungu lilikuwa limeshavunjwa. Aprili 2003 Apple ikafungua duka lake la iTunes na kuuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 za dola. Watu husahau hatua hii ya pili. Mwizi alichukua nyanya bure, sawa. Lakini hata mteja mwaminifu, mwenye fedha mkononi, sasa alinunua mbili alizozitaka na kuondoka zake.

Kuna tukio moja lililosimuliwa na jarida la The Economist mapema mwaka 2008, na kwangu linasema mengi kuliko jedwali lolote la mauzo. Mwaka 2006 EMI iliwaita vijana kadhaa makao makuu London ili wawaeleze wakubwa jinsi wanavyosikiliza muziki. Mazungumzo yalipokwisha, wakashukuriwa na kuambiwa wajichukulie CD kutoka kwenye rundo lililokuwa mezani. Bure, chukua upendazo. Hakuna aliyechukua hata moja. Pale mezani hapakuwa na mwizi wala mharamia. Palikuwa na bidhaa ambayo mteja haitaki hata akipewa.

Lakini wanaosema EMI ilikuwa imelala wanaionea. Aprili 2007 mkurugenzi wake Eric Nicoli alikaa jukwaa moja na Steve Jobs jijini London na kutangaza kwamba nyimbo za EMI zitauzwa iTunes bila ile kufuli ya kidijitali iliyomzuia mnunuzi kuhamisha wimbo wake kifaa hadi kifaa. Kati ya lebo kubwa nne za wakati ule, EMI ndiyo iliyotangulia. Wenzake walikuja kufuata. Akili ilikuwepo. Kilichokosekana ni kifua cha kuhimili kishindo. Sony ilikuwa na redio na televisheni zake, Universal ilikaa chini ya Vivendi ya Ufaransa, na EMI iliishi kwa muziki tu. Tena ilikuwa imeshazoea kutapanya: mwaka 2002 ilimlipa Mariah Carey dola milioni 28 ili aondoke, baada ya albamu moja. Umesoma vizuri, aondoke. Mwezi Januari na Februari 2007 ikawatangazia wenye hisa mara mbili mfululizo kwamba hali ni mbaya kuliko ilivyotarajiwa.

Kampuni ikifika hapo, wanunuzi huanza kuzunguka. Aliyeshinda ni Guy Hands, Mwingereza mwenye kampuni ya uwekezaji ya Terra Firma. Hands alikuwa amepata fedha kwenye vitu visivyo na mbwembwe: majumba ya sinema, vituo vya mapumziko kwenye barabara kuu za Ujerumani, shughuli za taka. Mtindo wake ni kununua kampuni iliyochoka, kupunguza gharama, kuipanga upya, kisha kuiuza. Mei 2007 akatoa ofa ya peni 265 kwa hisa, na ukijumlisha madeni bei ikafika takriban pauni bilioni 4.2. Zaidi ya nusu ya fedha hizo zilikuwa mkopo wa benki moja, Citigroup.

Mkopo huu ndio kiini cha kisa. Citigroup ilitegemea kuugawa kwa mabenki mengine, kama ilivyo desturi. Ununuzi ulikamilika Agosti 2007, na mwezi huohuo masoko ya mikopo duniani yakaanza kuganda. Ndio mwanzo wa ule msukosuko uliokuja kuziangusha benki kubwa mwaka uliofuata. Hakuna aliyetaka kipande cha deni la EMI. Benki ikabaki nalo peke yake, na mkopaji akabaki na mkopeshaji mmoja mwenye wasiwasi. Mkataba ulikuwa na masharti ya kupimwa mara kwa mara: mapato yasipungue kiwango fulani ukilinganisha na deni. Yakipungua, mwenye kampuni aongeze fedha zake mfukoni, la sivyo benki inachukua funguo.

Sasa fikiria: unauza bidhaa ambayo mauzo yake yanashuka kila mwaka, na umekopa kwa sharti kwamba yasishuke.

Hands alipoingia ndani alikuta mambo ya kumshangaza mtu yeyote mwenye kalamu ya mahesabu. CD zilizochapishwa kwa wingi, zikapelekwa madukani, zikarudi, zikagharimu fedha tena kuteketezwa. Wasanii wengi kwenye orodha hawakuwa wakiingiza chochote. Januari 2008 akatangaza kupunguza wafanyakazi kati ya 1,500 na 2,000, kutoka jumla ya 5,500 hivi. Kuhusu gharama, mimi niko upande wake. Nyumba ile ilikuwa inavuja kila kona. Alipokosea ni kudhani msanii ni kama kituo cha barabarani, kwamba ukishanunua jengo, jengo haliondoki.

Wakaondoka. Paul McCartney alikuwa ameshatangulia mwaka 2007, akatoa albamu kupitia lebo iliyohusiana na maduka ya kahawa ya Starbucks. Rolling Stones wakaenda Universal mwaka 2008. Queen wakafuata njia hiyohiyo mwaka 2010. Jambo kama hilo lingekuwa gumu miaka ishirini nyuma, kwa sababu msanii alihitaji kiwanda, malori na watu wa kumsambazia. Sasa kiwanda kilikuwa kompyuta.

Radiohead walionyesha hilo hadharani. Mkataba wao na EMI ulikuwa umemalizika, mazungumzo ya kurudi yakavunjika, na tarehe 10 Oktoba 2007, miezi miwili tu baada ya Hands kukabidhiwa kampuni, wakaweka albamu yao mpya kwenye tovuti yao. Bei? Kisanduku kitupu, andika unachotaka kulipa. Hata sifuri ilikubalika. Zilipokuja CD zenyewe kupitia lebo ndogo huru, albamu ikaongoza chati za Uingereza na Marekani Januari 2008, ingawa dunia nzima ilikuwa imeshaipata. Ni kweli kwamba Radiohead walikuwa wameshajengwa kwa fedha za EMI kwa zaidi ya miaka kumi, na msanii asiye na jina akifanya hivyo atapata sifuri nyingi. Lakini waliokuwa wakitazama ni wasanii wenye majina, na hao ndio EMI ilikuwa ikiwategemea.

Kisa kidogo cha bendi ya OK Go ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinaonyesha jinsi hesabu ya zamani ilivyogongana na mpya. Mwaka 2006 vijana hao wanne walijirekodi wakicheza juu ya mashine za mazoezi ya kukimbia, kamera moja imesimama, bila kukatisha. Dada wa mwimbaji ndiye aliyewapangia miondoko. Lebo yao, EMI, haikuhusika. Wakaiweka YouTube, na watu wakaibandika kwenye kurasa zao za mtandaoni kila mahali. Ikasambaa kama moto wa nyasi kavu. EMI baadaye ikafanya mkataba na YouTube: kila anayetazama, senti kidogo inaingia. Tatizo ni kwamba senti ilihesabiwa mtu akitazama ndani ya YouTube yenyewe, si kwenye ukurasa alikoibandika mwingine. Basi EMI ikafunga ruhusa ya kubandika.

Ni uamuzi wa mhasibu, na kwenye karatasi unaeleweka. Februari 2010 mwimbaji Damian Kulash aliandika kwenye New York Times kwamba tangu kufuli liwekwe, watazamaji wa video hiyo walipungua kwa asilimia 90. Watu hawakufuata kiungo hadi YouTube kama ilivyotarajiwa. Walipita tu. Mwezi uliofuata bendi ikaachana na EMI.

Machi huohuo wa 2010, ndani ya Mahakama Kuu London, Pink Floyd walikuwa wakiidai EMI jambo lililo kinyume kabisa: fungu lisivunjwe. Mkataba wao uliozungumzia hilo ulikuwa wa kabla ya iTunes, na ulisema albamu zao ziuzwe nzima, kwa mpangilio waliouweka wao. EMI ikajitetea kwamba maneno yale yalihusu santuri na CD, vitu vya kushikwa, si faili za mtandaoni. Jaji akawapa ushindi Pink Floyd: albamu ni albamu, hata ikiwa haina uzito. Nimeufikiria sana uamuzi ule. Kisheria sioni kosa lake. Lakini Januari 2011 pande mbili zikapatana upya, na nyimbo zao zikaruhusiwa kuuzwa moja moja. Haki ya kukataa walikuwa nayo. Mnunuzi wa fungu zima ndiye aliyekuwa akitoweka.

Huku nyuma deni lilikuwa halilali. Kwa mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2009 EMI ilitangaza hasara ya zaidi ya pauni bilioni 1.5, sehemu kubwa ikiwa ni kukiri kwamba thamani iliyoandikwa vitabuni haipo tena. Mwaka 2010 Hands akapitisha bakuli kwa wawekezaji wake na kupata pauni milioni 105 ili tu kufaulu kipimo cha benki. Zikaja habari kwamba hata Abbey Road ingeuzwa. Makelele yakawa makubwa, serikali ya Uingereza ikaliorodhesha jengo kuwa la kihistoria. Novemba 2010, baada ya miaka ya mvutano, nyimbo za Beatles zikaingia iTunes kwa mara ya kwanza. Miaka saba na ushei tangu duka lifunguliwe! Bidhaa bora kuliko zote ghalani, na mlango wake ulikuwa umefungwa muda wote huo.

Katikati ya hayo Hands aliishtaki Citigroup New York, akidai kwamba mfanyakazi wa benki alimdanganya mwaka 2007, akamfanya aamini kuna mshindani bado yuko mnadani wakati alikuwa ameshajitoa. Tarehe 4 Novemba 2010 jopo la raia mahakamani lilikataa dai lake. Tarehe 1 Februari 2011 benki ikachukua EMI, ikalipunguza deni kutoka pauni bilioni 3.4 hadi bilioni 1.2, ikaanza kutafuta mteja. Hands na wawekezaji wake waliondoka mikono mitupu.

Wateja wakapatikana Novemba mwaka huohuo. Upande wa rekodi ukaenda Universal kwa pauni bilioni 1.2. Upande wa haki za utunzi, yaani mashairi na sauti zake, ukaenda kwa kundi lililoongozwa na Sony kwa dola bilioni 2.2. Tume ya Ulaya ikaona Universal itanenepa kupita kiasi, ikailazimisha kuuza sehemu. Ndipo Warner ikainunua Parlophone, moja ya lebo za EMI, mwaka 2013 kwa pauni milioni 487. Beatles, ambao Parlophone ndiyo iliyowapokea mwaka 1962, hawakwenda na Parlophone. Universal iliwashika mkononi.

Mauzo ya muziki duniani yalizidi kushuka hadi mwaka 2014, kisha yakageuka. Huduma za kusikiliza kwa malipo ya mwezi, Spotify ikiwa mbele, zilikuwa zimeanza kuingiza fedha za kweli. Mwaka 2018 Sony ilipowalipa wenzake ili ibaki peke yake na haki za utunzi za EMI, thamani iliyotumika ilikuwa dola bilioni 4.75. Ni mali ile ile iliyouzwa kwa bilioni 2.2 miaka saba nyuma. Universal nayo iliingia soko la hisa la Amsterdam Septemba 2021 na siku ya kwanza ikathaminiwa kwa zaidi ya euro bilioni 45.

Hapo ndipo ninapomwonea Hands huruma kidogo. Aliamini kwamba thamani ya EMI ni nyimbo zake za zamani, na alikuwa sahihi. Alikosea saa. Ndani ya lebo kulikuwa na biashara mbili zilizokaa chumba kimoja: moja ya kuchapisha plastiki na kuisafirisha, nyingine ya kumiliki sauti. Dijitali iliiua ya kwanza haraka, na ya pili ikachukua zaidi ya muongo kuanza kulipa kwa njia mpya. Aliyekuwa na fedha zake mwenyewe, au mzazi tajiri, aliweza kukaa kwenye kile kiangazi akasubiri. Aliyenunua kwa mkopo wa kupimwa mara kwa mara hakuwa na miaka saba. Alikuwa nayo miaka mitatu na nusu.

Na biashara ilipogeuka, iligeuka kweli. Zamani lebo ilikuwa kama fundi anayeuza kiti: ukishalipwa, mmeachana. Sasa ni kama mwenye nyumba za kupangisha. Wimbo wa mwaka 1973 unalipa kodi kila mtu anapoubonyeza, hakuna ghala, hakuna lori, hakuna CD za kuteketezwa. Kadiri nyumba zilivyo nyingi na za zamani, ndivyo mwenyewe anavyolala usingizi mzuri. Ndiyo maana ugomvi wa wasanii umehama. Wa zamani waligombea asilimia za mauzo. Wa leo wanagombea masta, nani anaandikwa kuwa mwenye rekodi. Kwetu pia ugomvi huo unasikika kila msanii wa Bongo Fleva anapovunja mkataba na lebo. Na Novemba 2021, wakati Warner na Ziiki Media walipotangaza mkataba na WCB Wasafi ya Diamond Platnumz, hakuna aliyekuja Dar es Salaam kutafuta mahali pa kujenga kiwanda cha CD. Walifuata nyimbo na masikio ya watu.

Santuri za Siti zilizobaki ni vitu vya kuvunjika, nzito, zenye mikwaruzo. Lakini ukiandika jina lake YouTube utampata, amepandishwa na watu wenye mapenzi yao. Kabla hajaanza kuimba unasikia sindano ikikwaruza sahani, kwenye simu ambayo haijawahi kuwa na sindano.